Mama katibiwa vidonda vya tumbo miaka 2, sasa macho yamekuwa ya njano. Naombeni ushauri

Kitindamimba
Wakuu, shikamooni wakubwa zangu. Nimechanganyikiwa.

Mama ana miaka 58. Tangu mwaka juzi analalamika maumivu chini ya mbavu za kulia, hasa usiku akishakula maandazi au nyama yenye mafuta. Kila tukienda zahanati tunaambiwa ni vidonda vya tumbo, anapewa omeprazole, yanatulia, yanarudi. Kipimo hajawahi kufanyiwa hata kimoja. Wiki hii anajikuna mwili mzima. Juzi dada alimkalisha juani amsuke, ndipo akaona macho yamegeuka njano. Mkojo kama chai ya rangi. Jana usiku alitetemeka tukamfunika blanketi mbili, nikajua ni malaria, kumbe kipimo hakina kitu. Jirani kaleta mitishamba ya kusafisha ini. Tumpe huku tukisubiri Jumatatu?

Mwana_Ruvu
Pole sana mkuu. Kaka yangu alianza na njano hivyohivyo, ikawa homa ya ini B. Apimwe hiyo, na nyumba nzima mpime. Asiyenayo achanjwe.

Tabibu wa Wilaya
Kitindamimba, choo cha mama kina rangi gani?

Kitindamimba
Aliona aibu, ila kamwonyesha dada. Cheupe, kama udongo wa mfinyanzi.

Tabibu wa Wilaya
Basi msisubiri Jumatatu, ondokeni sasa hivi. Kinachokipa choo rangi ya kahawia ni nyongo. Choo kikiwa cheupe na mkojo ukakolea, nyongo haifiki kwenye utumbo, inarudi kwenye damu, na ndiyo maana anawashwa. Kwa maumivu hayo ya baada ya mafuta, nashuku zaidi jiwe limetoka kwenye kifuko cha nyongo likakwama kwenye mrija. Lakini kilichonitisha ni kule kutetemeka. Homa juu ya njano inaweza kuwa mrija umeingia maambukizi, na hayo huua haraka. Anahitaji dawa za sindano, kisha mrija uzibuliwe.

Hospitali ya mkoa waombeni utrasaundi ya tumbo, bilirubini (rangi ya njano ya nyongo iliyomo kwenye damu) na vimeng'enya vya ini, picha kamili ya damu, homa ya ini B na C. Lipesi pia, yaani kipimo cha damu cha kongosho, kwa sababu jiwe likikwama chini huvimbisha kongosho. Na wasipoona jiwe, tafadhali msirudi nyumbani mkishukuru. Uvimbe kwenye kichwa cha kongosho huziba mrija huohuo, na hapo siti skani ndiyo huonyesha vizuri. Amekonda?

Mitishamba wekeni kando kabisa. Mingine inaunguza ini, na hili tayari limeelemewa.

Bibi Mkubwa
Mwanangu, kodini gari. Pesa zitatafutwa.

Kitindamimba
Tumefika saa 4 usiku. Hajakonda, tabibu. Utrasaundi imeonyesha mawe kwenye kifuko na mrija umetanuka. Bilirubini iko juu, homa ya ini hana. Katundikiwa dripu na dawa, asubuhi anapewa rufaa akatolewe jiwe kwa mpira wa kamera unaopitia mdomoni. Daktari kaniuliza ametetemeka mara ngapi, nikamjibu kwa sababu ulinishtua wewe. Homa imeshuka, kalala.

Tabibu wa Wilaya
Bebeni majibu yote na picha. Akishapona, ulizeni lini kifuko chenyewe kitatolewa, maana mawe yaliyobaki humo yanaweza kushuka tena.