Mipilipili ndani ya nyumba wakati wa baridi: taa, kulaza au vipandikizi?

Mzizi_Mkavu
Wakuu, naomba ushauri. Nina mipilipili mbuzi miwili na mmoja wa pilipili kichaa, yote imezaa vizuri kwenye ndoo, na jalidi, ile baridi ya kugandisha, haiko mbali. Mpilipili usipopigwa na jalidi unaishi miaka kadhaa, kwa hiyo sitaki kuing'oa. Ndani nina sebule yenye joto na dirisha moja, pia stoo baridi isiyofikia kuganda. Niiwekee taa, niipogoe na kuilaza stoo, yaani ipumzike bila kukua hadi baridi iishe, au nichukue vipandikizi tu?

BabaNdoo
Stoo hiyo ni mali, mkuu. Ikikaa kati ya nyuzi 10 na 13, laza. Chuma matunda yote, pogoa libaki shina kuu na mapanda mawili matatu mafupi, kung'uta udongo wa zamani, punguza mizizi, kisha panda kwenye chungu kidogo chenye udongo mpya. Majani yakipukutika usishtuke. Mmea uliolala hauhitaji taa, na maji yake ni kidogo mno: ingiza kidole hadi kifundo cha pili, ukikuta pakavu ndipo umwagie kidogo. Wengi huiua kwa kuozesha mizizi, si kwa kiu.

DadaMwanga
Kwa pilipili kichaa sawa, ila pilipili mbuzi inapenda joto na mimi singeilaza. Chini ya taa za LED saa 14 hivi kwa siku, joto la nyuzi 20 hadi 24, unaendelea kuchuma hata katikati ya baridi. Gharama yake ni umeme, na wadudu. Ndani hakuna mvua ya kuwaosha vidukari, wale wadogo wanaofyonza mmea, wala mdudu wa kuwala, na jike mmoja anazaa bila dume, kwa hiyo ukiingiza mmoja umeingiza ukoo. Kabla ya kuingiza mmea, osha majani kwa maji ya sabuni laini, hasa upande wa chini na kwenye vichipukizi, na urudie kila baada ya siku chache.

Mzizi_Mkavu
Asante, dada. Na dirisha la sebule bila taa je?

BabaNdoo
Hapo ndipo pabaya kuliko pote. Joto linauambia mmea ukue, mwanga wa majira hayo hautoshi kuulisha. Unatoa vichipukizi virefu vyembamba, rangi imepauka, vyote vimeegemea kioo, na vidukari hukimbilia hapohapo. Chagua joto pamoja na mwanga, au ubaridi pamoja na kiza. Ukichanganya, mmea unajimaliza wenyewe. Nakubaliana na dada kwamba aina hazifanani: rokoto, ile yenye mbegu nyeusi na majani ya vinyweleo, inastahimili ubaridi kuliko pilipili mbuzi.

Mche_Mpya
Mwenye nafasi ndogo achukue vipandikizi. Kata ncha ya sentimita 10 hivi isiyo na maua, chini kidogo ya kifundo cha tawi, pale jani linapotokea, toa majani ya chini, chomeka kwenye udongo mwepesi wenye unyevu na ufunike kwa mfuko wa plastiki. Kwenye joto, mizizi hutoka baada ya wiki chache. Unapata mmea uleule, ilhali mbegu huenda ilishachanganyika na ya ndoo jirani. Ila kipandikizi hakina shina lenye akiba, kwa hiyo hakilazwi. Taa ni lazima.

Mzizi_Mkavu
Basi kichaa na mbuzi mmoja nitailaza, mbuzi wa pili nitauwekea taa. Huo uliolala nitajuaje uko hai?

BabaNdoo
Kwaruza gome kwa ukucha. Ukiona kijani kibichi, uhai upo. Pakiwa kahawia na pakavu, kata kushuka chini hadi ukikute kijani. Wiki chache kabla ya jalidi ya mwisho uhamishie kwenye joto na mwanga, uanze kuongeza maji. Kuutoa nje ni polepole, kivulini kwanza kwa wiki nzima hivi, maana majani yaliyoota ndani huungua juani.