Wauzaji wa tipu za kabaidi, hiyo mnayoita "ya finishi" ni radiasi gani?

Wakuu, salaam. Nimeudhika na sitazunguka.

Kuna tabia imeota mizizi kwenye maduka ya vifaa vya karakana hapa Dar. Wanafungua boksi la tipu kumi, vile vipande vidogo vya kabaidi vinavyokata chuma kwenye mashine ya kukereza, wanazimimina kwenye kikombe cha plastiki pamoja na nyingine za kila namna, boksi wanatupa, halafu wanatuuzia moja moja kama pipi. Ukiuliza ni ipi, jibu ni moja tu: "Zote za finishi hizo, mkuu," yaani za mkato wa mwisho wa kulainisha. Hakuna kitu kama hicho! Muuzaji asiyejua radiasi ya ncha (ukubwa wa mviringo wake) wala gredi (aina ya kabaidi na mpako wake) hajui anachouza, na hasara inamwangukia fundi na mteja wake.

Lile boksi si pambo. Limeandikwa, kwa mfano, CCMT 09T304. C ya kwanza ni umbo la almasi lenye ncha ya nyuzi 80. C ya pili ni mteremko wa nyuzi 7 chini ya ukingo, ili tipu isisugue kazi, yaani kipande kinachokatwa. 09 ni urefu wa ukingo, T3 ni unene unaokaribia milimita 4. Ile 04 ya mwisho ndiyo roho ya finishi: radiasi ya ncha, milimita 0.4. Ikiwa 08 ni milimita 0.8, ikiwa 02 ni 0.2. Kisha kuna gredi na rangi: P ya bluu ni ya chuma cha kawaida, M ya njano ni ya stenlesi, K nyekundu ni ya chuma cha kusubu, N ya kijani ni ya alumini na shaba. Makampuni makini huandika hata kasi, mwendo (tipu inasogea kiasi gani kwa kila mzunguko) na kina cha mkato cha kuanzia. Ukitupa boksi umetupa hayo yote, na tipu yenyewe mara nyingi haina maandishi ya kukuokoa.

Juzi mteja kaleta shafti ndefu ya pampu ya maji, imeliwa pale beringi inapokaa. Kazi ni kujaza kwa kuchomelea na kukereza upya hadi milimita 40. Beringi ile inataka k6, yaani shafti izidi 40 kwa mikroni 2 hadi 18 (mikroni elfu moja ni milimita moja). Nafasi yote niliyopewa ni mikroni 16. Nikaenda dukani nikataja kodi herufi kwa herufi, CCMT 09T304, ya chuma. Kijana akachota kwenye kikombe. "Hii hapa mkuu, ya dhahabu, kali sana." Boksi? "Limeisha, lakini ndiyo yenyewe." Duka la pili na la tatu, vikombe vilevile.

Karakana nikaweka geji ya radiasi: 0.8. Nikaishika chini ya lenzi, ukingo umeviringishwa kabisa; ukiupitisha kwenye kucha unateleza, haukwangui chochote. Hiyo ni tipu ya kubeba kazi nzito. Kuirudisha, naambiwa kitu kikishatoka dukani hakirudi, na kwamba labda mashine yangu imechoka. Tipu yenyewe ilikuwa bado haijafungwa hata kwenye mashine!

Kuna watakaosema radiasi kubwa ndiyo inatoa uso laini. Kwenye hesabu ni kweli. Kimo cha mistari inayoachwa na tipu ni mwendo mara mwendo, gawanya kwa mara nane ya radiasi. Mwendo wa 0.2 kwa mzunguko na radiasi ya 0.4 unapata mikroni 12.5, weka 0.8, inashuka hadi 6 na kidogo. Lakini shafti ndefu haitaki hesabu hiyo. Radiasi kubwa inaisukuma kazi pembeni, shafti inajipinda kidogo, mashine inaanza kulia na uso unatoka mawimbi. Bora ubaki na 0.4 upunguze mwendo uwe 0.1, mistari inakuwa na kimo cha mikroni 3 tu. Halafu kuna kina. Ukikata kina kidogo sana kuliko radiasi, tipu inapanda juu ya chuma na kusugua. Unaongeza kidogo, haikati kitu. Unaongeza tena, inachukua yote kwa mpigo na kipimo kimeshapita. Kwenye nafasi ya mikroni 16 kazi imekwisha hapo.

Fundi jirani yeye aliitumia tipu ya kikombe kwa mwendo mkubwa, akaona mistari, akamalizia na msasa. Hili ndilo linaloniuma zaidi, maana wengi wamezoea. Maikromita, kile kifaa cha kupimia kipenyo, inagusa vilele vya mistari tu. Mistari ya mikroni 12.5 pande zote mbili ni mikroni 25 kwenye kipenyo, wakati nafasi nzima ni 16. Msasa unang'arisha vilele, na mkono haujui umetoa kiasi gani wala kama umetoa sawa kuzunguka shafti. Beringi ikiingia kwa nguvu inavilaza vilele vilivyobaki, shafti inakuwa ndogo, beringi inaanza kuzunguka juu yake. Mteja anarudi shafti imeliwa palepale, anamwita fundi mwizi. Aliyeuza tipu hana habari.

Na hii imani ya dhahabu ife. Rangi ile ni titani naitraidi, mara nyingi tabaka la juu tu, na inapakwa kwenye tipu za kazi nzito na nyepesi vilevile. Kwa finishi ulizia ukingo mkali na mpako mwembamba, ule wa PVD (unaopakwa kwa mvuke), au tipu iliyosagwa, CCGT. Hata ile CCGT inayong'aa ya kukatia alumini inamalizia chuma laini vizuri kwa kina kidogo, ingawa inachakaa mapema. Kasi nayo izingatiwe: mizunguko 1200 kwa dakika kwenye milimita 40 inakupa mita 150 kwa dakika, safi. Kwenye shafti ya milimita 20 mizunguko hiyohiyo inakupa mita 75, chuma kinaanza kujibandika kwenye ncha na uso unachanika. Hapo kisu cha HSS (chuma kigumu cha kukatia) kilichonolewa vizuri kwenye jiwe la mafuta kinaishinda kabaidi. Ndicho nilichomalizia shafti ya mteja, jioni, wakati alitakiwa aondoke nayo mchana.

Wenye maduka mnaosoma hapa: uzeni moja moja, hatukatai, mtaji ni mgumu kwa wote. Lakini iacheni tipu ndani ya boksi lake, mteja apige picha ya lebo kabla hajalipa. Na isiyo na lebo, semeni haina lebo na bei ishuke.

Mafundi, anayejua duka linalouza CCMT na DCMT (ya ncha nyembamba zaidi) za 02 na 04 zikiwa kwenye boksi lake halisi aniambie hapa. Hata kama ni Arusha au Mwanza, nitaagiza zije kwa basi.