Nilisaini mahudhurio tu, sikuridhia bajeti yenu!

Wakuu,

Nimeshindwa kunyamaza, hili jambo limenikaba kooni.

Tuliitwa mkutano wa maoni ya wananchi kuhusu bajeti ya halmashauri. Tangazo lilibandikwa juzi yake, mkutano ukawekwa saa nne asubuhi siku ya kazi. Anayeishi kwa kibarua cha siku angefikaje? Mlangoni tukapewa karatasi ya mahudhurio: jina, namba ya simu, sahihi. Rasimu tuliikuta ndani, nakala nne kwa ukumbi mzima, kitabu kinene cha mafungu na vifungu ambacho hata mhasibu angehitaji siku mbili kukisoma. Nikatafuta mtaro wa mtaa wetu, ule unaofurika kila mvua ikinyesha. Haumo. Nikanyoosha mkono nikauliza. "Hoja imepokelewa." Mzee mmoja nyuma yangu akasimama kuuliza hilohilo, akaeleza maji yanavyoingia mpaka chumbani kwake. Mwandishi wa muhtasari aliweka kalamu mezani, akasubiri mzee amalize, ndipo akaiokota. Nilikuwa namtazama.

Bajeti imepita vilevile ilivyokuja. Juzi nimeiona nakala yake, na mwishoni wameambatisha ile karatasi ya mahudhurio kama ushahidi kwamba wananchi tulishirikishwa. Mimi ni namba 17. Sahihi niliyoweka kabla sijaona hata ukurasa mmoja!

Huu mchezo ni wa zamani. Mwaka 1969 Mmarekani Sherry Arnstein alichora ushiriki wa wananchi kama ngazi yenye vipandio 8. Cha chini kabisa ni kuwachezea watu akili. Kupashwa habari na kuombwa maoni viko katikati, na aliviweka kwenye kundi la ushiriki wa jina tu, kwa sababu anayeombwa maoni hana nguvu ya kuhakikisha yanafuatwa. Ngazi yetu inaishia hapo, halafu tunaambiwa tumefika juu.

Na msiniambie haiwezekani. Jiji la Porto Alegre, Brazili, walianza kupanga bajeti pamoja na wakazi mwaka 1989. Wakazi walikutana kwa maeneo yao, wakapanga kipi kitangulie, maji, mifereji au lami, wakachagua wajumbe wa kufuatilia. Mgawanyo ulikuwa na vigezo vinavyojulikana: idadi ya watu, ukubwa wa upungufu wa huduma, na kipaumbele walichoweka wakazi wenyewe. Mitaa ya maskini iliyokuwa imesahaulika ikapata mabomba na mitaro. Lakini utaratibu ule uliegemea utashi wa walioko madarakani. Uongozi ulipobadilika ukaanza kunyong'onyea, na mwaka 2017 meya mpya akausimamisha. Ndiyo maana ahadi ya mdomo hainitoshi, hata ikitoka kwa diwani mwema.

Najua kuna mipaka. Kipenyo cha bomba hakipigiwi kura, hiyo ni kazi ya injinia. Wapo pia wenzetu wenye sauti kubwa wanaouteka mkutano kwa shida zao binafsi, na mama aliyekaa pembeni na mtoto mgongoni haulizwi kitu. Nchi nyingi pia, sehemu kubwa ya fedha za halmashauri hutoka serikali kuu ikiwa imeshapangiwa kazi. Sawa, basi semeni hivyo mapema! Tuambieni kiasi gani kimefungwa na kiasi gani kiko wazi, tujadili hicho kilicho wazi, hata kama ni kidogo. Kinachoniuma ni kunipotezea siku nzima nijadili fedha ambayo mlishaigawa.

Halafu eti wananchi wana mwamko mdogo, hawaji mikutanoni. Waje kufanya nini? Walikuja mwaka juzi, wakasema, hawakujibiwa. Mtu akipuuzwa mara mbili anabaki kazini kwake, na ana haki.

Ninachotaka: rasimu itufikie wiki kadhaa kabla, iwe na muhtasari unaosomeka. Mkutano uwekwe muda ambao watu wametoka kazini. Kila hoja ijibiwe kwa maandishi, imekubaliwa au imekataliwa na kwa sababu gani, na majibu hayo ndiyo yaambatishwe kwenye bajeti badala ya majina yetu. Na yawe ndani ya sheria, yasitegemee huruma ya mtu.

Mkutano ujao nitakwenda. Pembeni ya sahihi yangu nitaandika kwa kalamu: "nimehudhuria, sijaridhia." Kuna yeyote hapa aliyewahi kupata jibu la maandishi kwa hoja yake? Hata mmoja?