Tupeane uzoefu: umewahi kuhisi kwamba vyote vilivyopo ni kimoja?

Mwanakibosho: Juzi msibani, babu mmoja alimimina mbege shinani mwa mgomba akasema kwamba marehemu, mgomba na sisi waombolezaji ni kitu kimoja. Katekista alinuna. Nani mwingine limempata jambo hili, si kitabuni bali mwilini?

Mgumu Mstaafu: Nilikuwa msaidizi wa mwongoza wageni. Usiku ule mlimani Kilimanjaro tulipokaribia Stella Point, mita 5,756, huku buti za mteja zikisaga changarawe mbele yangu, nilishindwa kabisa kujua kama anayetembea ni yeye au ni mimi. Pumzi yake, upepo na theluji vilikuwa kitu kimoja, wala hapakubaki mtu wa kuogopa. Nililia. Baadaye mzee wa Kihindu mwenye duka la vitambaa mjini Moshi alinisimulia habari iliyomo katika Chandogya Upanishad, andiko la kale la Kihindu: Uddalaka anamwagiza mwanawe atie chumvi majini, kisha asubuhi ayaonje juu, katikati na chini. Chumvi haionekani, lakini iko kote. “Nawe ndiwe hicho,” baba anamwambia.

Mama Njoro: Ni kweli kabisa. Mimi nilihisi hivyo nilipojifungua.

Tabibu wa Pasua: Ndugu yangu, huo ulikuwa upungufu wa oksijeni. Dawa ya umoja wa namna hiyo ni kushuka haraka.

Ustadhi Ngarenaro: Hallaj, Sufi aliyejitangaza kuwa mmoja na Mungu, aliuawa Baghdad mwaka 922, na mji ule uko tambarare, oksijeni ilimpungukia wapi? Hata hivyo tahadharini. Mwanachuoni Ahmad Sirhindi aliwajibu wafuasi wa Ibn Arabi, Sufi wa umoja wa vyote, kwamba umoja huo uko katika kushuhudia kwa mja tu, na Muumba hubaki Muumba.

Tabibu wa Pasua: Sikumtaja Hallaj.

Mlutheri wa Kaloleni: Papa Yohane XXII alizilaani kauli za Meister Eckhart kuhusu umoja na Mungu mwaka 1329, mhubiri mwenyewe akiwa ameshafariki, na Wayahudi wa Amsterdam walimtenga mwanafalsafa Spinoza mwaka 1656, hata kabla hajachapisha kitabu. Kwamba wazo hili liliwaponza watu wa dini mbalimbali kunanishawishi kuliko mahubiri.

Mama Njoro: Likikupata tena, funga na uombe, ila mama mkwe asijue.

Ustadhi Ngarenaro: Bora amwone shekhe.

Tabibu wa Pasua: Kwanza anywe maji. Mgumu, mteja alifika kilele cha Uhuru?

Mgumu Mstaafu: Alifika. Aliyeshushwa kwa machela ni mimi.