Mjadala: Mhubiri akisema "umepona", nani athibitishe?

Mkaazi wa Mtopanga: Naomba tujadili bila matusi. Jirani yangu ana sukari. Wiki iliyopita alikwenda mkutano wa injili, akaombewa, akaambiwa amepona. Akafika nyumbani akatupa insulini. Siku ya tatu tukambeba kwa tuktuk, hajitambui. Yuko wodini. Je, mhubiri aruhusiwe kutangaza mtu amepona kabla hajapimwa? Mimi nasema hapana.

Shemasi Mstaafu: Jambo hili si geni. Mathayo 8, Yesu alimtakasa mwenye ukoma kisha akamtuma ajionyeshe kwa kuhani, maana kuhani ndiye aliyekuwa anakagua ukoma. Hata Wakatoliki kule Lourdes, Ufaransa, wanakohiji wagonjwa kuombea uponyaji, wana ofisi ya madaktari wa kukagua waliopona. Tangu 1858 waliodai kupona ni maelfu, miujiza iliyokubaliwa rasmi ni kama 70.

Mwana wa Likoni: Shemasi, Lourdes imetoka wapi tena? Mpaka miujiza tupimiwe na Wazungu? Soma Marko 5. Yule mama alitokwa damu miaka 12, matabibu wakamla pesa zote na hali ikazidi kuwa mbaya. Hao huwasemi. Mimi nimekaa foleni hospitali moja kutwa nzima, jioni naambiwa mashine imeharibika, nivuke barabara nikalipie kwa mtu binafsi. Mhubiri angalau alinishika kichwa.

Shemasi Mstaafu: Kisa hicho hicho kiko Luka 8. Ile sehemu ya hali kuzidi, Luka kairuka. Na Luka alikuwa tabibu! Walitetea kazi zao tangu zamani, hapo nakupa.

Nesi wa Zamu ya Usiku: Alikushika kichwa kwa mkono mmoja, wa pili umeshika kikapu. Mimi ndiye ninayempokea mgonjwa aliyetupa dawa, saa nane usiku, anahema kama aliyekimbizwa, pumzi inanuka tunda lililoiva kupita kiasi. Maombi sijawahi kuyakataza. Ninachokataza ni "tupa dawa". Na wale kina mama wa kwaya wanaokuja Jumapili kupiga picha na wagonjwa, tafadhalini msiniambie ndiyo huruma.

Sauti ya Pili: Ngoja kwanza. Picha? Mimi ni wa kwaya. Mwaka wa sita huu natoka Changamwe na chupa mbili za uji, nauli yangu, unga wangu. Simu yenyewe ya kubonyeza. Picha nitapiga na mwiko?

Nesi wa Zamu ya Usiku: Sijakutaja, dada. Ila uji wenu nimeuonja. Ile ni sukari iliyotiwa unga.

Sauti ya Pili: Wa sukari tunampikia wake kando! Tunauliza kitanda kwa kitanda. Wewe umeonja chupa gani, na nani alikupa ruhusa kunywa uji wa wagonjwa?

Jirani wa Kibokoni: Mie Muislamu, nimepita tu. Uji bila sukari mnaupikaje ukanyweka? Tieni tui na pilipili manga.

Sauti ya Pili: Tui kwa mtu aliyepasuliwa tumbo?

Jirani wa Kibokoni: Haya, toa tui. Lakini nesi, kwa hao kina mama umekosea. Mamangu alipolazwa walimpa uji na hawakumuuliza anaswali wapi.

Fundi Baiskeli: Watu wanabishana uji na Shakahola, kule msituni Kilifi walikofia wafuasi wa mhubiri, imesahaulika. 2023, si juzi tu? Miili zaidi ya 400.

Mwana wa Likoni: Usichanganye. Kule waliambiwa wafunge mpaka wafe. Huku mtu kaombewa.

Fundi Baiskeli: Mlango ni mmoja: "daktari wa nini?" Ukishaingia hapo, vyumba ndivyo vinavyotofautiana.

Shemasi Mstaafu: Na wanaosema asiyepona hana imani wavuke Nyali wakaangalie kaburi la mke wa Krapf, yule mmisionari Mjerumani. Walifika Mombasa 1844, mwaka huo huo homa ikamchukua mama na kitoto kichanga. Mmisionari yule hakuomba?

Mwana wa Likoni: Mzungu tena! Shemasi, wewe kweli ulistaafu?

Shemasi Mstaafu: Basi chukua Paulo. Mwiba wa mwilini mwake aliomba mara tatu uondolewe, ukabaki. Naye Timotheo, kwa tumbo lake, akaambiwa atumie mvinyo kidogo.

Mwana wa Likoni: Mvinyo huo ndio mnaoupenda nyinyi wa makanisa makubwa.

Mkaazi wa Mtopanga: Jamani. Jirani ameamka leo, anaongea. La kwanza kuuliza: mhubiri kafika kumtazama? Nimempigia mara nne.

Mwana wa Likoni: Huenda yuko safarini. Wana mikutano mingi.

Nesi wa Zamu ya Usiku: Mwambie aje hata usiku. Nitamfungulia mwenyewe.

Sauti ya Pili: Wodi namba ngapi? Na uji wa wimbi anakunywa?