Napuliza saksafoni hapa Mtwara, niiache jazz nikajifunze sindimba?

Mpulizaji_Shangani:
Wakuu habari zenu. Napuliza saksafoni ya tenori, nimekulia bendi ya matarumbeta kanisani, sahivi wikiendi napiga hotelini. Tangu nimsikie John Coltrane, yule Mmarekani mpuliza saksafoni wa jazz, sina usingizi, solo zake nimezikariri noti kwa noti, watu wanapiga makofi ila nikimaliza naona nimesema maneno ya mtu mwingine. Sasa mwezi uliopita nilienda Newala watoto wanatoka jandoni, babu mzaa mama anapiga ngoma, sindimba, ngoma ya Wamakonde, ikakolea, vinganga (zile ngoma ndogo) vinakimbia na ngoma kubwa inavijibu, nikasisimka mwili mzima, nikajua hiki ndo nakitafuta. Wenzangu kwenye bendi wanasema ushamba, wageni hawataki. Niiache jazz kwanza au nichanganye? Na naanzia wapi, maana skeli (mpangilio wa noti) nilizosoma na wanavyoimba wale wazee haviendani kabisa.

MzeeWaDansi:
Mdogo wangu usiache kitu. Sonny Rollins naye tenori, mama yake mtu wa visiwa vya Virgin kule Karibiani, wimbo aliokuwa akiimbiwa na mama utotoni akaurekodi 1956 ndo ile "St. Thomas", jazz tupu na kwao imo humohumo. Halafu 1959 jina kubwa tayari, akaacha majukwaa akawa anafanya mazoezi juu ya daraja la Williamsburg, New York, mpaka 1961. Yani mtu akijiona bado anarudi kujifua, siyo aibu. Na hao wa ushamba waulize jina la bendi ya Sikinde ni nini, si ngoma ya Wazaramo? Bendi ya Msondo je? Dansi letu limejipa majina ya ngoma za nyumbani na saksafoni ziko mbele.

Dada_Ligula:
Mi natofautiana na mzee kidogo, kuchanganya usikukimbilie. Ukiweka mdundo wa sindimba chini ya solo ya Coltrane bado hujasema chako. Kaa na babu bila saksafoni, piga chinganga mpaka mkono uzoee, itikia na wenzio mpaka ujue kiitikio kinaingilia wapi, uimbe kwa mdomo kwanza ndo upulize. Na nyimbo za ndani ya jando si za hotelini!! Babu akisema hii hapana, iache.

Mmwera_wa_Nachingwea:
Kuhusu skeli usiwavute wazee kwenye noti zako. Warekodi kwa simu, wakikubali lakini, utafute sauti zao taratibu, saksafoni noti unaishusha na kuipandisha kwa midomo tu, kinanda hakiwezi hivyo, hapo una bahati sana.

Mpulizaji_Shangani:
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimempigia babu kafurahi mno, kasema korosho zikiisha niende nikae naye. Ila je nimwambie mapema kwamba nyimbo nataka kuzipeleka jukwaani au nijifunze kwanza?

Dada_Ligula:
Mwambie siku ya kwanza, tena wajomba wawepo.