Mlinga, Nilo au Magamba: niwapeleke wanafunzi kilele kipi Juni hii?

Mwalimu wa Chumbageni
Wanajamvi, salaam. Nina wanafunzi kumi na wawili wa kidato cha tatu hapa Tanga mjini. Mchoro wa upepo wa bahari unaopanda mlima na kugeuka mvua wanauchora vizuri, lakini wengi hawajawahi kupanda mlima wowote. Mlinga ni mita 1,069 na ni karibu. Nilo, mita 1,506, ndio mrefu kuliko yote Usambara Mashariki. Magamba kule Lushoto inavuka 2,200. Nauli inatosha safari moja tu. Nishaurini.

Mwana Muheza
Mwalimu, baki upande wetu. Usambara Mashariki ndio ukuta wa kwanza wa mlima unaokutana na upepo wa kusi ukitoka baharini. Amani, kwenye mita 900 hivi, hupata karibu milimita 1,900 za mvua kwa mwaka. Ila Juni msitegemee kuiona bahari. Mara ya mwisho nilipopanda Mlinga wingu lilitufunika hata mwenzangu aliye hatua kumi mbele simwoni. Mvua hainyeshi, lakini majani yanatudondoshea maji shingoni, na wino wa daftari langu ukatapakaa wote. Wape penseli, kalamu waziache nyumbani.

Wa Magamba
Shikamoo mwalimu. Ya Muheza ni kweli, ila baridi iko kwetu. Lushoto mjini tu ni kama mita 1,400, na usiku wa Juni na Julai joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Watoto wa Tanga waje na makoti mazito. Halafu wafikishe Irente wachungulie Mazinde kule chini: jua kali, vichaka vya miiba, mkonge. Wingu wataliona limeng'ang'ania mlimani na bondeni halidondoki hata tone. Hilo mtoto halisahau.

Msafiri wa Pangani
Nami nasema Lushoto, kwa sababu ya barabara. Mombo, barabara ya Lushoto inapoanzia kupanda, iko kama mita 400. Pimeni joto Mombo, Soni, Lushoto, kisha Magamba. Kwa kawaida hewa hupoa nyuzi 6 hivi kila mita 1,000, kwa hiyo hesabu wataifanya wenyewe njiani. Pimeni kivulini, tena bila kuchelewa kati ya kituo na kituo. Mkipima Mombo saa saba mchana na kileleni jioni, mtakuwa mmepima jua kuzama. Nilo iacheni kwa wazoefu.

Mwalimu wa Chumbageni
Basi ni Magamba. Ahsanteni sana. Mwana Muheza, penseli nimezichukua, na Mlinga tutakuja Februari, masika hayajaanza, waitazame bahari yao kutoka juu. Wa Magamba, ruhusa ya kuingia msituni naombea wapi?

Wa Magamba
Ofisi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) Lushoto, mwalimu, mapema kabla ya safari. Na mwongozaji mchukue wa hapa hapa, anajua wingu likianza kushuka mgeuze wapi.